Mmea wa Mwambani na Lugha ya Kuuelezea: Saintpaulia ya Pwani ya Kenya

UTANGULIZI

Junda ni sehemu ya Kisauni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, ukingoni mwa hori ya Tudor. Mgeni akitazama hori hiyo wakati maji yamekupwa huona msitu mmoja wa mikoko. Mwenyeji haoni hivyo. Yeye hutenga mkoko na mchu, mkandaa na muia, mlilana na mkomafi, na kila mmoja huujua kwa gome lake, mizizi yake na tope unalolipenda. Majina hayo hayakutungwa na chuo wala kamati. Yametokana na kazi: huu ulitoa boriti, huu mataruma ya vyombo, huu kuni, na huu maganda ya kutia ngozi rangi. Lugha imetaja kwa makini kile ambacho mikono ilikihitaji.

Mtu akitoka Junda akaelekea kaskazini na bara kidogo, kiasi cha kilomita 30, hufika kwenye miamba ya chokaa ya Chasimba, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Katika nyufa za miamba hiyo, chini ya kivuli cha miti, huota mmea mdogo wenye maua ya rangi ya samawati iliyoingia zambarau. Ndugu zake wa karibu wanauzwa katika maduka ya maua ya Ulaya na Marekani, na huwekwa madirishani na watu wasioijua Pwani hata kwa jina. Lakini Kiswahili cha kila siku, chenye majina sita na zaidi kwa miti ya hori moja, hakina jina moja lililozoeleka la mmea huu.

Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kuueleza mmea wenyewe kwa Kiswahili, sehemu kwa sehemu, kwa utaratibu unaofuatwa na wataalamu wa mimea. La pili ni kuonyesha ni mahali gani lugha hutosha kwa kazi hiyo, ni mahali gani huhitaji istilahi mpya, na ni mahali gani istilahi mpya huweza kupoteza maana iliyokwisha kuwapo.

HISTORIA FUPI YA JINA LA KITAALAMU

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani mjini Tanga, aliuona mmea wa jamii hii katika sehemu za Usambara, akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba yake alimwonyesha Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen huko Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliutangaza kuwa jenasi mpya, akaupa jina Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni heshima kwa ukoo wa aliyeuleta, na sehemu ya pili, yenye asili ya Kigiriki, ina maana ya "wenye maua kama urujuani".

Kwa muda wa karne iliyofuata spishi nyingine zilitajwa, nyingi kutoka milima ya Tanzania ya kaskazini na mashariki. Mtaalamu aliyezishughulikia zaidi ni B. L. Burtt wa Edinburgh. Mwaka 1958 alitangaza Saintpaulia teitensis ya milima ya Taita, na mwaka 1964 akatangaza Saintpaulia rupicola ya miamba ya Pwani ya Kenya. Hii ya pili ndiyo inayoelezwa hapa. Mwaka 2006, katika kitabu kikuu cha mimea ya Afrika ya Mashariki ya Tropiki, I. Darbyshire alipunguza idadi ya spishi, na mmea wa Chasimba ukawa nususpishi ya Saintpaulia ionantha.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1997 M. Möller na Q. Cronk walichunguza chembe za urithi wakaonyesha kwamba Saintpaulia zimechipuka kutoka ndani ya jenasi nyingine kubwa ya Afrika, Streptocarpus. Kwa sababu hiyo mwaka 2012 M. Christenhusz aliziingiza katika jenasi hiyo, na uainishaji uliofuata mwaka 2015 ukathibitisha mpango huo. Ndipo Saintpaulia ionantha ikawa Streptocarpus ionanthus.

Wanaisimu watatambua jambo wanalolijua vema. Kivumishi ionantha kimegeuka kuwa ionanthus kwa sababu Saintpaulia ni jina la jinsia ya kike katika Kilatini, na Streptocarpus ni la jinsia ya kiume. Jina limehama ngeli, na kivumishi kimefuata upatanisho, kama vile "mzuri" huwa "kizuri" nomino ikibadilika. Lakini neno rupicola halikugeuka, maana lenyewe ni nomino isiyofuata jinsia. Linaundwa na rupes, yaani mwamba, na kiishio chenye maana ya mwenye kukaa. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea upatanisho wa ngeli ana sababu ya kuelewa sarufi ya majina haya upesi kuliko mwenzake ambaye lugha yake haina ngeli wala jinsia.

MAELEZO YA MMEA

Mmea huu ni wa miaka mingi, lakini si mti wala kichaka. Shina lake ni fupi, lenye maji, nalo halikomai likawa gumu kama ubao. Majani hutoka karibu karibu kwenye shina, yakajipanga kwa duara kama sahani iliyolala mwambani. Yaliyo chini yana vikonyo virefu zaidi na yaliyo juu yana vifupi, hata kila jani hupata sehemu yake ya nuru hafifu ipitayo kwenye matawi ya miti.

Kikonyo cha jani ni kinene. Bapa lake ni la mviringo au la umbo la yai, nene kwa kushikwa, na ukingo wake una meno mafupi yasiyo makali. Jani lote limefunikwa na malaika. Urefu na mlalo wa malaika hao si jambo dogo, kwani Burtt aliutumia sana katika kutenga spishi mojamoja: kuna wanaosimama, kuna wanaolala, na kuna warefu waliochanganyika na wafupi.

Kijiti cha maua hutoka kwapani mwa jani, nacho hubeba maua machache. Nje ya ua kuna sepali tano nyembamba. Petali ni tano, na chini zimeungana zikafanya mrija mfupi sana. Juu ya mrija huo zimegawanyika mafungu mawili kama midomo: petali mbili za juu ni ndogo, na tatu za chini ni kubwa. Rangi yake ni samawati yenye zambarau. Katikati ya rangi hiyo hung'aa vifuko viwili vya chavua vya manjano, vilivyogusana kwa ncha. Hizo ni stameni mbili zenye kuzaa. Nyingine zimedumaa, wala hazitoi chavua.

Juu ya ovari, ambayo nayo ina malaika, huota stili moja nyembamba. Stili hiyo haisimami katikati. Katika maua mengine huelekea kulia, na katika mengine kushoto, kana kwamba ua moja ni sura ya jingine katika kioo. Ua halina asali ya kumlipa mdudu. Malipo ni chavua yenyewe. Nayo chavua haimwagiki ovyo, kwa kuwa vifuko vyake hufunguka kwa mwanya mdogo tu. Nyuki hulishika ua, hutetemesha misuli ya mabawa yake akavuma, na kwa mtetemo huo chavua hutoka. Kazi hiyo ilitazamwa katika milima ya Taita na Dino Martins, aliyeandika mwaka 2008 juu ya nyuki wa jenasi Amegilla kwenye maua ya Saintpaulia teitensis. Katika maua yenye stili za pande mbili, chavua iliyoshika ubavu mmoja wa nyuki huelekea kufikia stili ya ua la upande wa pili.

Tunda ni kibweta kikavu kinachopasuka na kutoa mbegu nyingi ndogo kama vumbi. Mbegu hizo hazina akiba kubwa ya chakula. Zikiangukia mahali pakavu au penye jua kali hufa, na zikiangukia penye ukoga na unyevu mwambani huota. Pia jani lililokatika likagusa udongo wenye unyevu huweza kutoa mizizi na kuanzisha mmea mpya. Njia hiyo ndiyo iliyowawezesha wakulima wa maua duniani kuuzalisha kwa wingi.

LUGHA ILIPOTOSHA NA ILIPOPUNGUKA

Maelezo yaliyotangulia yafaa yatazamwe kama matini ya lugha. Sehemu kubwa imeandikwa kwa maneno yasiyohitaji kamati yoyote: shina, jani, kikonyo, bapa, ukingo, meno, kwapa, ncha, mrija, ukoga, ufa. Mengi yamechukuliwa kutoka mwilini mwa binadamu au katika vyombo vya nyumbani, kama yalivyochukuliwa maneno ya Kilatini yanayotumiwa na wataalamu. Neno la Kilatini la kwapa la jani ni axilla, nalo maana yake ni kwapa lile lile. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayesema "kwapani mwa jani" hatumii lugha ya chini kuliko ya kitaalamu. Amefuata njia ile ile.

Neno malaika latoa mfano ulio bora zaidi. Kwa msemaji wa Kiswahili, malaika si viumbe wa mbinguni tu. Ni pia nywele laini zilizo kwenye ngozi ya mwili. Mtafsiri mwenye haraka aweza kuandika "nywele za jani" au kuunda neno geni, na hali lugha tayari inatofautisha nywele za kichwani, vinyweleo na malaika. Tofauti hiyo ndiyo hasa inayohitajiwa katika kuainisha Saintpaulia.

Lipo eneo jingine ambalo maneno ya kawaida hayatoshi. Petali, sepali, stameni, ovari na stili ni maneno ya mkopo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa katika kusanifisha istilahi za namna hii. Mkopo hapa una haki yake, kwa sababu Kiswahili cha kawaida hulitazama ua kuwa kitu kimoja. Husema ua limechanua, limenyauka au limepukutika, wala hakina haja ya kila siku ya kutenga kipande kwa kipande. Lakini chavua ni neno la Kiswahili lenye nguvu, nalo huzaa kitenzi chavusha na nomino uchavushaji. Yaonekana basi kwamba kanuni njema si kukopa kila kitu, wala si kukataa kila mkopo. Ni kuuliza kwanza kama msemaji anayo tofauti inayotakiwa, na kukopa pale tu asipokuwa nayo.

JINA LA MMEA

Swali gumu zaidi ni la jina lenyewe. Wajerumani huuita mmea huu urujuani wa Usambara, na Waingereza huuita urujuani wa Afrika. Tafsiri ya Kiingereza hicho imeanza kutumiwa katika maandishi ya Kiswahili. Ina ubaya wa namna mbili. Kwanza, mmea si wa jamii ya urujuani hata kidogo. Ni wa familia ya Gesneriaceae, na kufanana ni kwa rangi tu. Pili, jina hilo lilitungwa na mtu aliyelijua ua la kwao akaliona la Afrika kuwa mfano wake. Msemaji wa Pwani hana urujuani wa Ulaya shambani mwake, basi hulinganishiwa kitu asichokijua na kitu kingine asichokijua.

Jina la kitaalamu nalo halisalimiki. Streptocarpus ni Kigiriki chenye maana ya tunda lililosokotwa, kwa kuwa spishi nyingi za jenasi hiyo zina kibweta kilichojipinda kama kamba. Saintpaulia hazina tunda la kusokotwa. Mmea umeingia katika nyumba ya "matunda yaliyosokotwa" kwa ushahidi wa nasaba, huku tunda lake likiwa limenyooka. Hili si kosa la wataalamu. Ni ukumbusho kwamba jina huonyesha tu, na kazi ya kueleza hufanywa na maelezo.

Kiswahili kina njia yake ya kuunda majina ya mimea ya maua. Waridi huota kwenye mwaridi, asmini kwenye mwasmini, na kilua kwenye mkilua. Ua hutangulia, na ngeli ya M-/MI- hutoa mmea. Mfano wa mkilua unastahili kukumbukwa, kwa kuwa mwaka 1970 B. Verdcourt alipotangaza jenasi mpya ya mti huo wa Pwani wenye ua la harufu nzuri, aliiita Mkilua, kiambishi cha ngeli kikiwamo ndani. Basi kuna jina la Kiswahili lililoingia katika orodha ya Kilatini likiwa zima. Liliingia kwa sababu lilikuwapo: kilua kilijulikana, kilitiwa nyweleni na katika nguo, na hivyo kikawa na jina.

Saintpaulia ya mwambani haikupata bahati hiyo. Haikujenga nyumba wala kunukisha nguo. Kama ikitakiwa kuundiwa jina, maana ya rupicola yaweza kuwa msingi. Tafsiri fupi kabisa, "mkaa mwamba", ina hatari, kwani msomaji aweza kufikiria mkaa wa kupikia. "Mmea wa mwambani" ni wazi, ingawa ni maelezo zaidi kuliko jina. Kabla ya kuamua, utafiti wa haki ungeanza kwa wazee wa Kimijikenda wanaoishi karibu na miamba hiyo, maana lugha za jirani zimekuwa chemchemi ya majina ya Kiswahili kwa muda mrefu. P. J. Greenway, katika kamusi yake ya majina ya mimea iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1940, na Charles Sacleux katika kamusi yake ya 1939, waliokoa mengi kwa kusikiliza. Kilichosahaulika kabla ya kuandikwa hakiwezi kurudishwa na kamusi.

MWAMBA UNAPOONDOKA

Jambo hili si la maneno matupu. Chokaa ya Chasimba na Kambe ni ya enzi ya Jurasi, yenye umri mkubwa mno kuliko matumbawe ya kale yaliyo chini ya Nyali na Bamburi. Maji ya mvua yameitafuna kwa muda mrefu yakaacha minara, mapango na nyufa zenye baridi na unyevu. Kila mwamba ni kama kisiwa. Mmea wa mwamba huu hauvuki kwa urahisi nchi kavu yenye jua kufikia mwamba mwingine. Kwa hiyo mmea unaopatikana katika mahali pachache namna hii huweza kupotea kwa tendo moja tu: kukata miti inayoupa kivuli, au kuvunja mwamba kwa ajili ya kokoto na chokaa.

Yafaa kuangalia mfano wa Bamburi, ambako uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya saruji ulianza katika miaka ya 1950. Kuanzia mwaka 1971 mashimo yaliyoachwa yalipandwa mivinje, na baadaye msitu mpya ukasimama. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini mvinje hukubali changarawe na jua kali. Mmea wa ufa wenye kivuli haukubali. Mti huweza kupandwa tena, ila mwamba uliovunjwa hauoti.

Ulinzi mmoja uliokuwapo kabla ya sheria za serikali ni ule wa kaya, misitu ya Wamijikenda ambamo ukataji wa miti ulikatazwa kwa amri ya wazee. Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa urithi wa taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 baadhi yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Katika kaya, mmea mdogo usio na jina ulihifadhiwa pamoja na mti mkubwa wenye jina, kwa kuwa mahali penyewe ndipo palipoheshimiwa. Mwamba ulio nje ya kaya hauna mlinzi wa namna hiyo. Huko kila mmea huhitaji kutetewa kwa jina lake, na asiye na jina hana wa kumtetea.

HITIMISHO

Kuanzia mwaka 1935 hadi 2011 kanuni za kimataifa zilitaka spishi mpya ya mmea itangazwe kwa Kilatini. Tangu tarehe 1 Januari 2012 yakubalika Kilatini au Kiingereza. Kiswahili hakimo, na yaelekea hakitaingia hivi karibuni. Lakini kanuni hizo zatawala kutangaza tu, hazitawali kueleza. Mwalimu wa Kisauni anayewaonyesha wanafunzi ua na viungo vyake, mzee wa kaya anayeulizwa kuhusu mpaka wa msitu, na diwani anayeombwa kutoa ruhusa ya kuchimba kokoto, hawafanyi kazi hizo kwa Kilatini.

Maelezo yaliyotolewa hapa yameonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuueleza mmea adimu kwa usahihi, kikiongezewa mikopo michache pale inapohitajika. Kilichopungua ni desturi ya kuandika maelezo hayo. Lugha iliyoutenga mkandaa na muia katika tope la Junda ina uwezo wa kulitenga ua lenye stili ya kulia na lile lenye stili ya kushoto katika mwamba wa Chasimba. Idara za lugha zinaweza kuifanya kazi hiyo pamoja na idara za mimea, zikianza na kuwasikiliza wazee, wakati wazee na mwamba wote wangalipo.